Ndege na Eropleni

Wasikilizaji wetu wa Temeke, Kinondoni na vitongoji vyote vya Dar es Salaam, jioni hii nataka kuzungumza nanyi habari za ndege wagonganao na eropleni. Tusije tukachanganya maneno: nisemapo ndege, nina maana ya yule mwenye manyoya.

Mtu aweza kuuliza, kunguru asiyefika uzito wa ratili moja atakifanya nini chombo kikubwa kama nyumba? Jibu ni mwendo. Eropleni yamwendea kwa maili 150 kwa saa, au zaidi. Na mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya pigo huzidi mara nne. Tena mitambo yake huvuta hewa kwa nguvu nyingi, ikamvuta na ndege pamoja nayo, na mapanga yaliyomo ndani yaweza kupinda au kukatika.

Wakati ulio mbaya ni ule wa kuruka. Hapo chombo ni kizito kwa mafuta, mitambo yafanya kazi karibu kwa nguvu zake zote, na ardhi i karibu. Upo mwendo ambao rubani akiisha kuupita hawezi tena kusimama salama katika njia iliyobaki. Hana budi kuruka, liwalo na liwe.

Tarehe 15 Septemba 1988, huko Bahir Dar katika nchi ya Ethiopia, eropleni ya namna ya Boeing 737 yenye watu 104 ilikuwa ikiondoka, ikaingia katika kundi la njiwa. Njiwa tu, wasikilizaji! Mitambo yote miwili ikapatwa. Rubani alijaribu kurudi uwanjani, lakini mitambo ikazimika. Akashuka kwa tumbo la chombo, moto ukawaka, watu 35 wakafa.

Kwetu sisi, wa kuogopwa ni kunguru. Aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, naye amestawi kuliko wenyeji wake. Uwanja wa Julius Nyerere uko Kipawa, na jirani zake ni Vingunguti, penye machinjio, na Kiwalani, na kwa upande wa Temeke, Yombo. Matumbo, mifupa na makombo yatupwayo huko ndiyo karamu yake.

Kunguru wa jiji hili wamepata kutegwa na kutiliwa sumu. Walipungua, kisha wakaongezeka tena. Kwa maoni yangu si ajabu, maana waliosalia walikuta chakula kingali mezani. Hata milio ya kuwafukuza uwanjani huizoea upesi, kwani kunguru ni mwerevu mno. Mwuza nyama wa Yombo afunikaye pipa lake, na mama wa Kiwalani afukiaye makombo shimoni, humnyima kunguru sababu ya kuvuka uwanja ule asubuhi, saa ambayo abiria wamekwisha kufunga mikanda yao.