Seli Saidizi za Ubongo na Mtoto Wako

 

Leo tuzungumzie ubongo. Ndani yake mna seli za neva, zinazopeleka habari mwilini, na seli saidizi, zinazozilisha na kuzilinda. Seli ya neva ikifa, kwa kawaida haioti nyingine mahali pake. Ndiyo maana wanasayansi wanauliza: je, seli saidizi yaweza kugeuzwa iwe ya neva? Mwaka wa 2002, kundi la Magdalena Götz huko Ujerumani lilifaulu kufanya hivyo katika maabara, kwa seli za panya. Baadaye wengine walitangaza kufaulu ndani ya ubongo wa panya hai. Lakini uchunguzi wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba seli zilizodhaniwa kuwa mpya zilikuwa za neva tangu mwanzo. Utafiti ungali unaendelea.

Kwa hiyo mama, mtu akikuuzia dawa ya kuotesha ubongo kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, usimpe pesa zako. Mpeleke mtoto hospitali afanyishwe mazoezi ya viungo, maana seli zilizobaki huweza kujifunza.

Nasi tukinge mapema. Jifungulie kituo cha afya. Mtoto apate chanjo zote, alale ndani ya neti. Akishikwa na degedege, mlaze ubavu, usimtie kitu chochote kinywani, kisha mkimbize hospitali. Malaria kali na homa ya uti wa mgongo hazingoji asubuhi.

Kwaheri, hadi wiki ijayo.