Tanuri Moja, Alama Mbalimbali: Kazi za Mikono na Mikate ya Krismasi katika Nyumba za Saksonia



Desemba ni mwezi wa jamaa kurudi nyumbani. Mkoani Kilimanjaro mabasi hupanda kutoka Dar es Salaam yakiwa yamejaa watu na mizigo, na nyumba zilizokaa kimya mwaka mzima hujaa tena sauti za watoto. Ndio mwezi pia ambapo mikono ya nyumbani hufanya kazi nyingi: unga hukandwa, vikapu husukwa, vitambaa vya meza hudariziwa. Sehemu ya vitu hivyo hutumiwa na wenyewe. Sehemu nyingine hupelekwa sokoni, na huko ndiko shida inakoanzia. Mama aliyesuka kikapu kwa siku nne hukibeba peke yake, hukiuza peke yake, na bei hutajwa na mnunuzi.

Swali la mazungumzo haya ni moja. Je, kitu kilichotengenezwa nyumbani kwa mikono ya jamaa kinaweza kuuzwa kwa ushirika pasipo kupoteza jina la nyumba kilikotoka? Jibu litatafutwa mbali kidogo, katika jimbo la Saksonia, mashariki ya Ujerumani, ambako kazi za mikono za Krismasi zimekuwa riziki ya vijiji vizima, na ambako wenye kazi hizo waliunda chama chao cha ushirika mwaka 1919.

Saksonia haina ugeni mkubwa katika Tanzania. Wamisionari Wamoravian waliofika Rungwe mwaka 1891 walitumwa kutoka mji mdogo wa Herrnhut, na Walutheri waliofika Kilimanjaro mwaka 1893 walitumwa na misheni ya Leipzig. Miji yote miwili imo katika jimbo hilo.

NYOTA YA KARATASI

Katika nyumba za Wamoravian, majira ya kungojea Krismasi huanza kwa kutundikwa nyota. Nyota hiyo ilizaliwa shuleni. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika shule ya bweni ya Niesky, karibu na Herrnhut, ilitumika kuwafundisha wanafunzi hesabu za maumbo: karatasi ilikatwa, ikakunjwa, ikagundishwa, hata pembe nyingi zikatokea pande zote. Katika shule za bweni za Wamoravian walikuwamo watoto ambao wazazi wao walikuwa wamisionari katika nchi za mbali. Ikawa desturi kuiunganisha nyota Jumapili ya kwanza ya majira hayo, na taa ikawashwa ndani yake.

Nyota ya kawaida ina pembe 25: 17 zenye pande nne kwenye kitako, na 8 zenye pande tatu. Kuiunganisha ni kazi ya watu kadhaa. Mmoja hushika kiini, mwingine hupanga pembe, mtoto huhesabu. Hadi leo Herrnhut hutengeneza nyota hizo kwa mikono na kuziuza katika nchi nyingi, lakini nyingi kati yake hupelekwa zikiwa vipande, ili jamaa waziunganishe wenyewe nyumbani.

MKATE WENYE ALAMA

Mkate wa Krismasi wa Saksonia huitwa Stollen. Ni mkate mzito, wa unga wa ngano, hamira, maziwa na siagi nyingi, uliochanganywa na zabibu kavu, lozi, na maganda ya malimau na machungwa yaliyopikwa kwa sukari. Hukunjwa kwa urefu, na watu husema umbo lake ni mfano wa mtoto Yesu aliyevikwa nguo za kitoto. Ukitoka tanurini hupakwa siagi iliyoyeyushwa na kufunikwa kwa sukari. Hauliwi siku hiyo. Huwekwa mahali penye baridi kwa majuma kadhaa, ladha zipate kuingiana. Kwa sababu hiyo mwokaji wa Stollen hana budi kuanza kazi kabla ya Desemba.

Zamani mkate huo ulikuwa mkavu. Siku za kungojea Krismasi zilikuwa siku za mfungo, na siagi ilikatazwa, hivyo waokaji wakatumia mafuta ya mbegu. Watawala wa Saksonia wakapeleka maombi Roma, na mwaka 1491 Papa Innosenti wa Nane akatoa barua ya kuruhusu siagi.

Lakini jambo linalowahusu zaidi wanaushirika ni namna mkate huo ulivyookwa. Nyumba nyingi hazikuwa na tanuri la kuutosha. Basi kila jamaa walinunua zabibu zao, siagi yao na lozi zao, wakazipima kwa kufuata mapishi ya bibi yao, wakazipeleka kwa mwokaji wa kijiji. Mikate ya nyumba nyingi iliingia katika tanuri moja kwa siku moja. Ingechanganyika, ugomvi ungezuka: aliyetia siagi nyingi asingekubali kupewa mkate wa aliyetia kidogo. Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na kibati chake kidogo chenye jina, herufi au namba, kikachomekwa katika donge kabla ya kuokwa. Jioni watoto walitumwa kuichukua mikate, kila mmoja akatafuta alama ya kwao.

Mpango huo umeendelea kwa sura nyingine katika mji wa Dresden. Waokaji wa mji huo na vijiji vinavyouzunguka wameungana katika chama kinacholinda jina la mkate wao, na tangu mwaka 2010 jina hilo linalindwa pia na sheria ya Umoja wa Ulaya. Kanuni zao zina hesabu. Kwa kila kilo 10 za unga, siagi isipungue kilo 5, zabibu kavu kilo 6 na nusu, maganda yaliyopikwa kwa sukari kilo 2, na lozi kilo 1 na nusu. Majarini hairuhusiwi. Kila mwokaji ana mapishi yake mwenyewe juu ya kiwango hicho, na kila mkate hubandikwa muhuri wenye namba ya kumtambulisha aliyeuoka. Mnunuzi akilalamika, namba husema ni nani wa kuulizwa.

WACHIMBA MADINI WALIOGEUKA WAKEREZA

Kusini mwa Saksonia, mpakani na nchi ya Cheki, ipo milima iitwayo Erzgebirge, maana yake Milima ya Madini. Kwa karne nyingi watu wake walichimba fedha na bati. Wakati wa baridi mchimbaji aliingia shimoni kabla ya jua kuchomoza, akatoka limekwisha kuzama. Ndiyo maana mwanga umepata heshima kubwa katika Krismasi ya huko. Dirishani huwekwa sanamu za mbao zinazoshika mishumaa: mchimba madini kwa kila mtoto wa kiume wa nyumba, na malaika kwa kila mtoto wa kike. Mpita njia huhesabu mianga akajua nyumba ile ina watoto wangapi.

Katika kijiji cha Seiffen madini ya bati yalipungua, na kufikia katikati ya karne ya 19 uchimbaji ukakoma. Wanakijiji hawakuwa na mashamba ya kutosha. Walikuwa na misitu, na walikuwa na magurudumu ya maji yaliyokuwa yakiponda mawe ya madini. Magurudumu hayo yakafungiwa makerezo. Mchimbaji akawa mkereza: kwanza vyombo vya nyumbani, kisha vinyago vya watoto na mapambo ya Krismasi.

Ufundi mmoja wa Seiffen wastahili kuelezwa. Mkereza huchukua kipande cha mviringo cha mti wa jamii ya msonobari, kikiwa bado kibichi. Hukikereza mpaka kiwe pete kubwa, yenye mabonde na vilima ambavyo mtu asiyejua havimwambii kitu. Kisha huipasua pete kwa kisu kama apasuavyo keki, na kila kipande huwa mnyama: farasi, ng'ombe, au tembo. Mkereza hamwoni mnyama wakati wa kukereza. Umbo lote liko katika mkono na kumbukumbu yake, na ufundi huo hurithishwa kwa kusimama kando ya mwenye kuujua.

Baada ya hapo kazi iliingia ndani ya nyumba. Baba alichonga, mama alipaka rangi, watoto waligundisha masikio na mikia. Picha hii hupendeza katika kadi za Krismasi, lakini haifai kuishia kwenye kadi. Katika karne ya 19 jamaa hao walifanya kazi mpaka usiku, watoto wakiwa nao mezani, na malipo yalikuwa madogo mno. Kila nyumba ilimwuzia tajiri wa jumla peke yake. Tajiri alijua bei ya mjini, mkereza hakuijua. Nyumba hii ikikataa bei, tajiri alikwenda nyumba ya pili. Mapambo yaliyofurahisha watoto wa nchi nyingine yalitengenezwa na watoto wenye usingizi.

USHIRIKA WA MWAKA 1919

Mwaka 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wakereza wa Seiffen waliunda chama cha ushirika. Jina lake, Dregeno, limefupishwa kutokana na maneno yenye maana ya ushirika wa wakereza. Hawakujenga kiwanda kimoja na kuwaita watu wote wafanye kazi humo. Kila jamaa walibaki katika karakana yao, na vinyago vyao, na rangi zao. Kilichounganishwa ni biashara: mlango wa kuuzia ukawa mmoja.

Chama hicho kimepita katika nyakati ngumu. Kilivuka Vita Kuu ya Pili. Kilivuka miaka ya Ujerumani Mashariki, ambayo mwaka 1972 serikali yake ilitaifisha viwanda vingi vidogo na vya kati vilivyokuwa vimesalia mikononi mwa watu binafsi. Kilivuka pia muungano wa Ujerumani mwaka 1990, masoko yalipogeuka ghafula. Mwaka 2019 kilitimiza miaka 100. Shida mojawapo ya wakereza wa Seiffen ni bidhaa za kuiga zitokazo viwandani kwa bei ndogo. Silaha ya mafundi wa milima hiyo ni ileile ya kibati cha mkate: alama inayosema kitu hiki kimetoka wapi na kimefanywa na nani.

MAFUNZO KWA VYAMA VYA MSINGI

Kwanza, si kila kitu kinafaa kuchanganywa. Kahawa na pamba hupimwa, hupangwa kwa madaraja, huingia katika ghala moja, na mkulima hulipwa kwa uzito na daraja. Utaratibu huo ni wa haki kwa mazao. Kikapu, kitambaa kilichodariziwa na mkate wa sikukuu havina tabia hiyo. Fundi hodari akilipwa sawa na mzembe, mwaka wa pili ataleta kazi ya kizembe, au hataleta kabisa. Vitu vya namna hii viuzwe pamoja, lakini kila kimoja kiwe na namba ya mwanachama.

Pili, namba hiyo ianzie katika daftari la katibu. Siku ya kupokea, kitu kiandikwe, mwenye kitu apewe stakabadhi, na kibandiko kifungwe mbele ya macho yake. Kibandiko kisicholingana na daftari huleta ugomvi uleule ambao waokaji wa Saksonia waliuepuka.

Tatu, kiwango kitungwe na wanachama wenyewe na kiandikwe kwa hesabu. "Mkate mzuri" si kanuni. Kilo za unga, siagi na sukari ni kanuni, na huweza kupimwa na mtu yeyote mwenye mizani.

Nne, msimu wa Krismasi hauanzi Desemba. Wakereza wa Seiffen hufanya kazi mwaka mzima kwa ajili ya mwezi mmoja wa mauzo. Chama kinachotaka kuuza Desemba hakina budi kutenga mapema fedha za kununulia kwa pamoja unga, hamira, rangi na ukindu, pamoja na fedha za malipo ya awali. Mama akikosa malipo ya awali mwezi Septemba, atamwuzia mlanguzi kwa bei ya Septemba.

Tano, mtoto ajifunze kazi hizi kwa mama na bibi yake, lakini asigeuzwe kibarua. Kuhesabu pembe za nyota jioni moja ni malezi. Kugundisha mikia mpaka usiku wa manane ni jambo jingine, na chama chenye heshima hakipokei bidhaa iliyopatikana hivyo.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na wazee waliosema hivyo hawakusema kwamba vidole vyote vifanane. Chama chenye wanachama wasukaji, wadarizi au waokaji yafaa kilipeleke jambo hili katika mkutano mkuu ulio karibu, na kamati itakayochaguliwa ianze na kazi mbili: kuandika kiwango, na kufungua daftari la namba. Mambo hayo mawili hayahitaji mkopo. Yakikamilika kabla ya mavuno, mama wa kikapu ataweza kukifikisha ofisini na kurudi na stakabadhi yenye jina lake.