Maoni ya Kituo: Mkopo Hauvuki Mutukula

Orodha ya waliopata mkopo wa elimu ya juu imetoka. Mmeisikia kwenye taarifa zetu tangu juzi, mmeitafuta kwenye simu, na pale stendi ya Bukoba foleni ya duka la intaneti ilifika barabarani. Aliyepangiwa kapangiwa, aliyekosa anasubiri awamu ijayo. Hayo tumeshayasema.

Leo tunawasemea ambao hawakulitafuta jina lao kabisa, maana wanajua haliwezi kuwamo. Ni watoto wa mkoa huu wa Kagera wanaosoma Kampala. Masharti ya mkopo yanamtaka mwombaji awe amedahiliwa katika chuo kilichopo Tanzania. Basi. Awe yatima, awe ametoka kaya maskini kuliko zote kijijini, akishavuka mpaka kuingia Uganda hahesabiki. Mkopo hauvuki Mutukula.

Yupo atakayeuliza: kwani walifuata nini huko? Anayeuliza hivyo anakaa Dar es Salaam, na akiitazama ramani, mkoa wetu anauona pale mwisho, kwenye pembe. Kwa mtu wa Kyaka ramani haiko hivyo. Kutoka Bukoba hadi Kampala ni kama kilomita 300. Unaondoka asubuhi, jua halijazama uko mjini. Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,300. Mwalimu Nyerere alisoma Makerere kuanzia 1943 hadi 1945. Rais Mkapa alimaliza hapohapo mwaka 1962. Na kuanzia 1963 hadi 1970 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa chuo kikuu kimoja: udaktari Makerere, uhandisi Nairobi, sheria Dar es Salaam. Museveni mwenyewe alikuja kusoma kwetu. Wakati huo mbona hakuna aliyeuliza wamefuata nini?

Ada tuiache. Ada mzazi anaijua mapema, atauza kahawa, atauza ng'ombe, atakopa kwenye kikundi. Kinachomlaza macho ni kula na kulala kwa mtoto. Hosteli za Kikoni, jirani na Makerere, hulipwa kwa muhula, na mwenye nyumba anataka chake kabla hujatua begi. Mwezi uliopita mwenzetu mmoja hapa kituoni alifikia Kikoni kwa mpwa wake. Chumba cha vitanda viwili, wanalala watatu. Jiko la umeme limefichwa ndani ya begi la nguo, maana limepigwa marufuku. Likitolewa, mmoja anasimama mlangoni kulinda. Asubuhi wananunua rolex Wandegeya, ile chapati iliyoviringishiwa mayai, wanaikata vipande viwili: kimoja cha sasa, kingine cha mchana. Usiku wakapika posho na maharage. Posho, kwa wenyeji wa kule, ni ugali. Kijana akacheka: "Mjomba, wenzangu wa Dodoma wanapokea posho, mimi naisonga."

Mwenzetu alipotusimulia tulicheka. Kisha tukanyamaza.

Hao wenzake wa Dodoma, wale waliopata mkopo wa chakula na malazi, wanahesabiwa shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23. Zamani ilikuwa 8,500. Ni ndogo, wenyewe wanalalamika, na wana haki. Lakini ipo. Wa Kikoni anategemea bahasha ya kaki ambayo mama yake anamkabidhi kondakta wa basi, imeandikwa namba ya simu kwa kalamu, imebandikwa gundi mara mbili. Ndani mna elfu sitini. Angetuma kwa simu, angekatwa kwenye kutuma, akatwe kwenye kubadilisha, mtoto naye akatwe kwenye kutoa. Kwa hiyo anamwamini kondakta. Ndizi zetu zinavuka, senene zinavuka, bahasha inavuka. Mkopo hauvuki Mutukula.

Tunaambiwa fedha hazitoshi hata kwa waliobaki nchini. Ni kweli, na hatutaki mtoto wa Lindi anyang'anywe apewe wa Misenyi. Tunaambiwa pia kwamba aliyesoma nje atakuwa mgumu kumdai. Hapo hatukubaliani. Kijana huyu ana namba ya NIDA, ana wazazi Kamachumu, ana wadhamini, na akirudi kuajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara kama wadaiwa wengine wote. Tena serikali inamjua vizuri sana anapoondoka! Anayekwenda kusoma nje hutakiwa kupata hati ya kutokuwa na pingamizi kutoka Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Jina lake lipo, chuo chake kipo, kozi yake ipo. Anatambulika kwa kuombwa karatasi. Kwa kupewa sahani ya chakula hatambuliki.

Na tarehe 20 Mei 2017, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikaa hapo hapo Dar es Salaam wakatangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu. Eneo moja! Mwaka huohuo, mwezi Novemba, tukapigiwa ngoma Mutukula, marais wawili wakazindua kituo cha pamoja cha forodha. Lori linakaguliwa mara moja, linapita. Mwanafunzi wa eneo moja la elimu akipita, anaacha haki yake getini. Sisi wa mwisho wa ramani ndio tunaoliona geti hilo kila siku.

Hatuombi ndege wala ada ya Ulaya. Tunaomba ile elfu kumi ya kula na kulala, kwa mtoto mhitaji aliyedahiliwa katika chuo kinachotambuliwa ndani ya Jumuiya. Waheshimiwa wabunge wa Kagera, mnapita hapa studio kila kampeni, viti vyetu mnavifahamu. Lisemeni hili bungeni, kwa jina lake, msilifunike ndani ya "changamoto za elimu". Waheshimiwa wa Kigoma, wa Mara na wa Arusha, nanyi mna watoto ng'ambo ya mpaka, simameni pamoja nao! Na ninyi wazazi, mnaofunga bahasha kila mwezi, msinung'unikie sokoni. Andikeni. Andikeni mtoto yuko chuo gani, mnatuma kiasi gani, kinakatwa kiasi gani. Leteni barua hizo hapa kituoni kabla ya Ijumaa, hata kwa kondakta. Tutazisoma zote hewani, moja baada ya nyingine.