Damu ya Haja Kubwa na Kaunta ya Duka la Dawa



Nimeombwa nizungumzie saratani ya utumbo mpana mbele yenu wauzaji wa maduka ya dawa muhimu, na nimefurahi, maana mgonjwa wake huwafikia ninyi kwanza. Anasubiri wateja wengine waondoke, anainama, ananong'ona: "Naomba dawa ya bawasiri." Anapewa tyubu, analipa, anakwenda zake. Hakuna aliyempima. Jina la ugonjwa kalitaja mwenyewe.

Mara nyingi damu anayoiona chooni huwa kweli ni ya bawasiri. Kwa wenzetu wa Kanda ya Ziwa inaweza kuwa kichocho cha tumbo, na popote yaweza kuwa amiba. Lakini saratani ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, nayo hutoa damu hiyo hiyo, na dawa ya kupaka haiitibu. Uvimbe ulio chini, karibu na njia ya haja kubwa, daktari huweza kuugundua kwa kidole chenye glavu. Hakihitajiki chombo kingine, ni kazi ya dakika chache, na bado kipimo hiki hukwepwa kwa haya, na wanaokikwepa si wagonjwa peke yao.

Sehemu kubwa ya saratani hizi huanza kama kinyama kidogo kwenye ukuta wa utumbo, kisicho na maumivu. Kwa kawaida huchukua miaka 10 hivi au zaidi kugeuka saratani, na katika muda huo daktari anaweza kukiondoa kwa kolonoskopia, yaani kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa, mambo yakaishia hapo. Hata saratani yenyewe, ikikutwa haijatoka nje ya utumbo, takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba wagonjwa 9 kati ya 10 huvuka miaka 5.

Yupo mteja mwingine wa kumwangalia: mzee wa kiume anayekuja kununua dawa ya kuongeza damu. Mwanamke wa umri wa kuzaa ana sababu nyingi za kupungukiwa damu. Mzee huyu anaipotezea wapi? Saratani ya upande wa kulia wa utumbo huvuja damu kidogo kidogo isiyoonekana kwa macho. Na vidonge vya madini ya chuma hufanya choo kiwe cheusi, hivyo dalili nyingine inafunikwa.

Kuhusu chakula, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda hadi miaka ya 1960, aliona saratani hii ni nadra kwa Waafrika, akahusisha hali hiyo na vyakula vyenye nyuzinyuzi. Mwaka 2015 watafiti walibadilishanisha vyakula vya watu 20 wa vijijini Afrika Kusini na Wamarekani weusi 20. Ndani ya wiki mbili tu, viashiria vya hatari kwenye utumbo vilipanda kwa waliokula nyama na mafuta mengi, vikashuka kwa waliokula maharage na nafaka. Nasi tumeacha dona tukahamia sembe, na jioni ni chipsi na soseji. Mwaka huohuo wa 2015, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba nyama za kusindikwa husababisha saratani hii. Pombe, sigara na unene navyo vimo.

Marekani wanashauri watu waanze kupimwa wakiwa na miaka 45, hata bila dalili. Kwetu hakuna utaratibu wa kumwita kila mtu, kwa hiyo kaunta yenu ndiyo kichujio. Ulizeni: damu imeanza lini? Choo kimebadilika? Amekonda? Kuna mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua? Ujana usiwatulize, kwa sababu hata walio chini ya miaka 40 wanaugua.

Ombi langu ni moja. Anayerudi mara ya pili kutaka dawa ya bawasiri, mwandikieni kwenye karatasi jina la kituo cha afya kilicho karibu, na mwambieni aombe kupimwa kwa kidole kabla hamjamuuzia tyubu nyingine.