Simu Nayo Ina Kipande
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Chekalini)



Tumeombwa tuseme juu ya simu, kwa maana mwenzetu mmoja alifuta kila kitu simuni mwake, na bado matangazo ya mikopo yakamfuata vile vile, hata akadhani amerogwa. Hakurogwa.

Wazee wetu walivaa kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya vita. Karatasi ilikaa katika mkebe wa chuma shingoni, nayo ilionyesha jina, kazi, bwana aliyemwajiri mtu, na alama za vidole. Harry Thuku na wenzake walikipinga mwaka 1921. Machi 1922 akakamatwa. Lakini kipande kile mwenyewe alikijua, maana kilimgonga kifuani. Hiki cha leo hakionekani.

Ukifungua ukurasa, kivinjari cha simu huulizwa maswali: kioo kina upana gani? Lugha gani? Saa za wapi? Huamriwa hata kuchora picha ndogo usiyoiona, na kwa kuwa vyombo huchora kwa tofauti kidogo, mchoro ule nao huwa alama. Jibu moja halimfichui mtu. Yakikusanywa yote humfichua. Mwaka 2010 shirika la Marekani, Electronic Frontier Foundation, lilipima vivinjari karibu 470,000, likakuta 83 katika kila 100 havina pacha.

Sisi wa reli twalielewa jambo hili. Futa namba ya behewa, na mkaguzi bado atalijua kwa ubao uliopasuka na bafa iliyopinda. Basi kufuta kumbukumbu hakutoshi, wala dirisha la faragha halitoshi.

Dawa ni kufanana na wengi. Tor Browser ni ya bure, nayo imetengenezwa ili wote wanaoitumia waonekane sawa. Ni nzito kidogo, na kurasa nyingine huikataa. Wako wanaonunua Pixel wakaweka GrapheneOS. Ni chombo kizuri, ila bei yake si ya mshahara wa gangi. Na mwenye nacho akianza kuongeza viongezo na mapambo yake, huwa behewa jekundu katikati ya meusi. Tena ukiingia kwa jina lako, umekitoa kipande mwenyewe.

Katiba ya 2010, kifungu cha 31, yalinda faragha. Cha 41 chatupa haki ya kuwa na chama. Hata hivyo, mambo ya chama yasisomwe kabisa kwa simu ya mwajiri. Hiyo ni yake, na hapana kivinjari kitakachokuokoa humo.

Baada ya chai, wenye Android waje mezani tuwawekee. Mwenye chaja atuazime.