Plagi Kuingia Si Kufaa
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi, Mombasa)



Sisi watu wa reli twajua: behewa la reli ya zamani, yenye upana wa milimita 1,000, haliwezi kupita juu ya reli ya mwaka 2017, yenye milimita 1,435. Zote huitwa reli. Na chaja ndivyo zilivyo.

Mwenzetu mmoja wa Mji wa Kale aliazima chaja ya jirani kwa pikipiki yake ya umeme. Plagi iliingia sawasawa. Alfajiri betri ilikuwa imevimba, chumba kimejaa moshi, watoto wakatolewa mbio.

Kosa lilikuwa wapi? Zote mbili ziliandikwa volti 48. Lakini betri yake ya lithiamu ina seli 13, hujaa kwa volti 54.6. Chaja ile ni ya betri ya lithiamu ya aina nyingine, yenye seli 16, ijaayo kwa volti 58.4. Hivyo kila seli ilisukumiwa karibu volti 4.5, na mwisho wake ni 4.2. Kidude cha kukata umeme kimo ndani, lakini kikiharibika hakuna mlinzi.

Basi tushike haya. Kwanza, tusome vibandiko: aina ya betri, volti za kujaa, na ampea. Pili, betri iliyovimba au kuingia maji isichajiwe. Tatu, tusichaji ngazini wala mlangoni. Vichochoro vyetu vingi gari la zimamoto halipiti.

Na tuwaombe waajiri mahali pa kuchajia penye hewa. Hilo ni haki ya usalama wetu.