Njia ya Mtoni: Uhuru, Usawa na Udugu
(Hotuba kwa wakulima na wafugaji wa Garsen)



Mapinduzi ya Ufaransa, yaliyoanza mwaka 1789, yaliwaachia walimwengu maneno matatu: uhuru, usawa na udugu. Hapa kwetu maneno hayo hupimwa penye malka, yaani njia ya ng'ombe ya kushukia mto Tana.

Mpokomo hulima ukingoni, kwa kuwa mafuriko huacha udongo mwema. Husema, "Shamba ni langu, nina uhuru wa kulima hata majini." Mworma hurudi mtoni wakati wa kiangazi, malisho ya mbali yakiisha. Husema, "Maji ni ya Mungu, nina uhuru wa kupita." Wote wawili wana haki. Lakini uhuru wa wawili usio na mpatanishi huishia kwenye silaha. Tangu Agosti 2012 hata Januari 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa katika nchi hii ya Tana. Riketa walilia, na Chamwanamuma walilia.

Wako wasemao, "Basi tugawe ardhi sawasawa, kila mtu na hati yake." Usawa huo ni wa kipimo cha kamba tu. Mashamba yakipangwa bega kwa bega ukingoni, malka zitafungwa, na ng'ombe hanywi hati.

Wengine husema, "Udugu watosha." Udugu upi? Vijana waliokwenda kulipiza kisasi nao waliitwa kwa jina la udugu. Udugu wa kabila pasipo usawa ni moto.

Basi yote matatu yaende pamoja. Katiba ya mwaka 2010 yaitambua ardhi ya jamii, na sheria ya mwaka 2016 yairuhusu jamii kuiandikisha na kuchagua kamati ya kuitunza. Katika mkutano huo mwanamke na kijana wana sauti kama mzee.

Nawaomba basi, kabla ya kiangazi, wazee wa pande zote wazitembelee malka pamoja, waziwekee alama, na mapatano yaandikwe. Mkulima asipande njiani. Mchungaji asiachie mifugo shambani. Na atakayevunja, awe wa kwetu au wa kwao, alipe fidia ile ile.

Mto ni mmoja, nasi tutakunywa humo sote.